Siku ruta ilipofundishwa kujibu

Leo naomba tuongee kuhusu ruta, lile sanduku linaloamua data ipite njia gani.

Rafiki yangu mmoja, fundi wa mitandao, alikuwa Dar akibadilisha mipangilio ya ruta iliyoko Dodoma. Akakosea mstari mmoja, ruta ikakata njia ile ile aliyokuwa akiitumia kuifikia. Ikabidi apande basi, zaidi ya kilomita 400, kwenda kufuta mstari mmoja!

Basi nikaanza kuchimba. SNMP ilikuwapo tangu 1988, lakini mafundi waliitumia zaidi kuchungulia hali ya mitambo. Mipangilio waliendelea kuibadilisha kwa kuchapa amri kwa mkono. Ukiandika programu isome majibu ya ruta, inakwama siku watengenezaji wanapobadilisha maneno ya kwenye skrini. Juni 2002 bodi ya IAB iliwakutanisha waendesha mitandao na watunga viwango huko Reston, Virginia, na kilio hicho kikasikika. Kampuni ya Juniper tayari ilikuwa na JUNOScript, ambamo ruta inajibu kwa XML: kila taarifa imefungwa katikati ya tagi zenye jina lake. Desemba 2006 kikatoka kiwango cha wote, NETCONF, kikarekebishwa Juni 2011.

Msamiati wake sasa. Programu inayouliza ni mteja, na ruta ndiyo seva (mimi nilidhani ni kinyume). Wanafungua kikao, kila upande unatuma "hello" kueleza unaweza nini. Ombi ni "rpc", jibu ni "rpc-reply", lenye namba ile ile ya ombi ili yasichanganyike. "Running" ni mipangilio inayofanya kazi, "candidate" ni rasimu. "Lock" inazuia mwingine asiguse wakati wewe unahariri. "Commit" inaifanya rasimu ianze kazi.

Ila iliyoniteka ni "confirmed commit", ambayo si kila ruta inayo. Mabadiliko yanakubaliwa kwa muda tu, kwa kawaida sekunde 600. Usipothibitisha, labda kwa sababu umejifungia nje, ruta inarudisha mipangilio ya zamani yenyewe.

Nilipomweleza rafiki yangu alinyamaza, halafu akacheka. Ruta ile ya Dodoma ilikuwa nayo. Hakuna aliyewahi kumwambia.