Moshi wa Büchi

Tulipewa injini ya lori iliyokufa. Dizeli, silinda sita, imelala kwenye karakana ya chuo tangu sisi wengine tukiwa shule ya msingi. Mradi: ifufueni, kisha muiongeze nguvu. Tulikuwa watano. Kuifufua kulichukua wiki sita, ringi mpya na mikono iliyokwaruzika. Kwa nguvu, wazo letu lilikuwa moja tu: ongeza dizeli. Tukacheza na skrubu ya pampu, ikanguruma kidogo, halafu ikatapika moshi mweusi hadi watu wa darasa la pili wakafunga madirisha.

Fundi wa karakana alicheka mpaka akaketi. "Mnailisha na hamuiachi ipumue."

Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza. Ukitaka nguvu zaidi, unaweza kupanua silinda, au kuizungusha injini haraka zaidi, au kuishindilia hewa ndani kwa lazima. Hiyo ya tatu ndiyo ilinipeleka maktaba, na huko nikakutana na Alfred Büchi.

Büchi alikuwa Mswisi, mzaliwa wa Winterthur, 1879. Alimaliza uhandisi Zurich mwaka 1903, na kufikia Novemba 1905 alikuwa na hataza ya uvumbuzi wake. Alichofanya ni kuangalia ekzosi. Moshi unatoka na joto kali, unatoka kwa kasi, na kila mtu anauacha upotee. Yeye akasema tuuwekee feni njiani iuzungushe. Feni hiyo ishikane kwa shafti moja na feni ya pili, na hiyo ya pili isukume hewa ndani ya injini. Yaani injini isaidiwe na uchafu wake yenyewe. Leo tunaiita turbo na tunaibandika stika kwenye matatu.

Usidhani alipigiwa makofi. Jaribio la 1915 halikufua dafu. Alifaulu 1925, miaka 20 baada ya ile hataza. (Sisi tulikuwa na muhula mmoja.) Meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa injini za mtindo wake, na injini ambazo zingetoa nguvu za farasi 1,750 zikatoa 2,500. Mwaka 1938 kampuni ya Saurer, ya huko huko Uswisi, ikaleta turbo kwenye injini ya lori.

Nchi ya milima, nikafikiria, lazima. Kwa sababu huku kwetu mjomba aliendesha lori miaka mingi kutoka Mombasa hadi Malaba, na kila mara alilalamika kwamba gari "linachoka" likishapita Mtito. Alilaumu mzigo, alilaumu dizeli ya kuchakachua. Kumbe Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Limuru zaidi ya 2,000. Hewa ya huku ni nyepesi. Silinda ile ile iliyojaa Mombasa, hapa inavuta pumzi pungufu, na injini isiyo na turbo haina namna ya kufidia. Mjomba alikufa bila mtu kumwambia.

Tulichanga pesa, tukanunua turbo ya mtumba Kirinyaga Road. Kuifunga ndiko kulikotutesa: shafti yake huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika ikielea juu ya oili, kwa hivyo bomba la oili likikosea kidogo tu, imeisha. Tulikosea mara mbili. Kabla ya mara ya tatu, karo yangu iligoma, jina langu likatoka kwenye orodha, na bawabu ambaye tulikuwa tukisalimiana kila asubuhi akaanza kuniuliza kitambulisho.

Wenzangu walinipigia siku iliyowaka. Nilikuwa kwenye stendi Githurai, kelele kila mahali, nikaziba sikio moja. Kwanza mngurumo, halafu juu yake mluzi mwembamba unaopanda. Nikawauliza moshi ni wa rangi gani.

"Hauonekani," wakasema.