Ganesh wa Udongo: Sanamu Inayoyeyuka kwa Ndoo, Ziwa Nakuru Likabaki Safi

Kama umekulia Nax, hukosi kujua jirani ama msee mlisoma naye ambaye ni Mhindu. Labda ushawahi kuona kwao sanamu ya mungu mwenye kichwa cha ndovu, ukashindwa kuuliza. Huyo ni Ganesh, na cheki stori yake.

Kwanza tuelewane: si kila Mhindi ni Mhindu. Kuna Wahindi Waislamu, kuna Masingasinga, kuna Wajaini. Reli iliyoanza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, ikipitia hapa kwetu, ilileta vibarua na mafundi kutoka India, na wenye maduka wakafuata. Mwaka wa 2017 serikali ikawatambua rasmi kama kabila la 44 la Kenya. So hii si sherehe ya wageni.

Inaitwa Ganesh Chaturthi, na kwa sababu inafuata mwezi, huangukia Agosti ama Septemba. Sanamu inakaribishwa kwa keja kama mgeni wa maana, inawekewa maua na vitamu, inaombewa siku moja na nusu, tatu, tano, ama hadi kumi. Halafu inaagwa kwa kuzamishwa majini, ndio umbo lirudi udongo.

Hapo ndipo noma huanza. Sanamu nyingi siku hizi ni za plasta ya Paris, yaani jasi, ndugu ya ile gipsam ya siling. Ni rahisi na ni nyepesi, lakini ndani ya maji inaweza kukaa miezi bila kuisha. Rangi zake nazo zinaweza kuwa na risasi ama zebaki. Hata India kwenyewe, bodi ya serikali ya kudhibiti uchafuzi ilitoa mwongozo 2010, na ule wa 2020 ukakataa plasta kabisa.

Sasa leta hiyo kitu Nax. Ziwa Nakuru halina mahali pa kutokea. Mito kama Njoro, Makalia na Nderit inaingiza maji, na yanayotoka ni yale jua limekausha tu. Sumu ikiingia, imehamia. Flamingo wanakula mwani wa hayo hayo maji. Ziwa liko ndani ya mbuga, kwa hivyo hutapita na sanamu getini, lakini Mto Njoro hauna geti. Na tusiwasingizie Wahindu, uchafu mwingi wa hilo ziwa unatoka kwa mitaro yetu sisi wote.

Ndio maana sanamu ya udongo na ndoo ya nyumbani inaingia vizuri. Tafuta udongo wa mfinyanzi, toa mawe, kanda mpaka ulainike. Anza na kitako kinene, kisha tumbo, kichwa mwisho. Mkonga ndio husumbua, huvunjika kama haukubandikwa kwa uji wa udongo. Kausha kivulini polepole, jua kali litaupasua. Na usiichome! Udongo ukichomwa unakuwa chungu, na chungu hakiyeyuki. (Uliza Hyrax Hill, pale Mary Leakey alichimba 1937: vigae vya kale bado viko.) Rangi, tumia manjano ya jikoni. Ukipenda, ficha mbegu ndani.

Unanunua? Lowesha kidole, sugua chini pasipo na rangi. Udongo utakuachia matope kidoleni. Plasta haitoi matope, na pia ni nyepesi kuliko udongo.

Siku ya kuaga, toa kwanza maua, kitambaa na shanga za plastiki. Zamisha kwa ndoo, acha usiku kucha, kisha mwaga hayo maji kwenye mti ama chungu cha maua.

Na kama tayari uko na ya plasta, usiibebe mtoni. Inyunyizie maji kidogo kama ishara ya kuaga, uifunge vizuri, uitoe tena mwaka ujao. Familia zingine zina ya shaba, wanaizamisha kwa beseni, wanaipangusa, inarudi kabatini.