Maeneo ya Nyuso katika Ubongo wa Makaku
Ni sehemu ndogo za gamba la ubongo, upande wa panja, ambazo kazi yake mahsusi ni kutambua sura. Kwa kuwa damu humiminika zaidi penye shughuli, na mashine ya sumaku huibaini hali hiyo pasipo kulipasua fuvu, mtafiti Doris Tsao na wenzake walidhihirisha mwaka 2003 kuwa makaku, aina ya kima, anayo maeneo hayo. Lakini picha ya mashine hiyo, ambayo hujumlisha seli maelfu kwa maelfu, si ushahidi kamili. Ndipo mwaka 2006, yeye na wenzake, wakiwemo Freiwald na Livingstone, walipopenyeza nyuzi za kupimia umeme mahali palipoashiriwa, wakakuta asilimia 97 ya seli zilizoitikia vionwavyo zikihusika na nyuso, ijapokuwa baadhi ziliitikia kidogo hata saa na matofaa.