Bunduki za Pande Mbili za Ngong Road

Anayetoka katikati ya Nairobi kwa Ngong Road huiacha Kibera mkono wa kushoto, na akifika Dagoretti Corner, Kawangware iko kulia kwake. Mitaa hii hutajwa kwa mabati yake, matatu zake na siasa zake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba pande zote mbili za barabara hiyo zina historia ndefu ya bunduki, na kwamba kijana wa Kiingereza mmoja aligusa mianzo yote miwili.

Oktoba 1890, Kapteni Frederick Lugard wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki alifika Dagoretti, akachanjiana damu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu, akajenga boma. Boma halikudumu. Wenyeji walichoshwa na unyang'anyi wa watu wa kampuni, na mwaka uliofuata likaachwa na kuchomwa. Lugard mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda Uganda. Mwaka 1891, huko Kavalli karibu na Ziwa Albert, aliwakuta askari wa Kisudani waliobaki nyuma gavana wao wa Misri, Emin Pasha, alipoondoka, wakiongozwa na Selim Bey. Aliwaandika kazini. Wajukuu wa askari hao na wenzao ndio Wanubi wa Kibera.

Silaha za askari wa aina hiyo zilikuwa Remington za jeshi la Misri, kisha Snider na Martini za Waingereza. Zote zilikuwa bunduki za risasi moja moja. Askari alifungua chemba, akatia risasi, akafunga, akalenga, akapiga. Kisha akaanza upya. Bunduki ya namna hiyo haiwezi kupiga mara mbili hata ikiwa mbovu kiasi gani, kwa kuwa risasi ya pili bado imo mkandani.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1884, Hiram Maxim alipobuni mzinga uliotumia teke la risasi yenyewe kutoa ganda, kuleta risasi nyingine na kuipiga. Waswahili waliuita bombom. Wazo hilo la bunduki kujipakia ndilo lililozaa baadaye bunduki za nusu-otomatiki: unavuta triga mara moja, inapiga mara moja, na inajipakia tayari kwa mvuto wa pili. Faida yake ni kubwa, lakini ilileta pia kasoro ambayo askari wa Martini hakuijua, yaani bunduki kupiga mbili au tatu pale mpigaji alipotaka moja.

Sababu zake mafundi wa silaha huzijua vyema. Ndani ya bunduki kuna kipande kinachoinasa nyundo baada ya kila risasi, mpaka kidole kiachie triga. Kipande hicho kikilika kwa miaka, springi ikichoka, au mafuta yakiganda na vumbi, nyundo huponyoka yenyewe. Pini nayo ikikwama mbele kwa uchafu, huigonga fataki komeo linapojifunga. Pengine kosa si la chuma: bega limeshika kilegevu, bunduki inarudi kwa teke, na kidole kinaikuta triga tena bila kukusudia.

Utaratibu wa fundi hauanzi na bisibisi. Upigaji husimamishwa palepale, mtutu huelekezwa pasipo na mtu, magazini hutolewa na chemba huangaliwa kama iko tupu. Baada ya hapo bunduki husafishwa, risasi hukaguliwa, na kipande kilicholika hubadilishwa kwa kipya. Kukitengeneza kwa tupa ni kualika balaa.

Jeshi la King's African Rifles, Keya kwa Kiswahili cha mtaani, liliundwa Januari 1, 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda. Miaka mitano kabla ya hapo, Wasudani wa Uganda walikuwa wameasi, wamechoshwa na malipo duni na safari zisizokwisha. Uasi wa 1897 uliwafundisha wakubwa wao kwamba askari mwenye bunduki anahitaji pia mahali pa kuweka familia. Ekari takriban 4,200 za msitu wa Kibera, kusini-magharibi mwa Nairobi, zikatengwa kwa mazoezi ya jeshi, na askari wa Kisudani waliotumikia miaka 12 wakapewa vibali vya kukaa humo. Wazee hulihusisha jina la mtaa wa Laini Saba, Kibera, na uwanja wa shabaha wa Keya.

Vita Kuu ya Kwanza ililikuza jeshi hilo kutoka askari wapatao 2,300 hadi zaidi ya 35,000. Askari wengi wa Wajerumani huku Afrika Mashariki walianza vita na Mauser za 1871, ambazo kila risasi iliacha wingu la moshi lililomfichua mpigaji. Amani iliporudi, jeshi liliiachia serikali ya kiraia Kibera mwaka 1928. Vibali vilibaki vibali; hati ya ardhi haikuja.

Upande wa pili wa barabara, Dagoretti ilikuwa nchi ya Wakikuyu, na hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952, bunduki iligeuka kitu cha kufia. Wapiganaji wa Mau Mau waliokosa silaha za kiwandani walijitengenezea kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira ya magurudumu. Baadhi ya waliozibeba walikuwa wamepitia Keya, kama Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyepigana Burma. Lakini ujuzi wa kulenga haukuweza kuziba pengo la chuma. Bunduki hizo ziliweza kugoma zilipohitajika, kufyatuka zisipotakiwa, au kumpasukia mwenyewe mkononi. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipokamatwa Oktoba 1956 alishtakiwa kwa bastola na risasi 6. Alinyongwa Februari 18, 1957.

Bunduki za kienyeji bado hunaswa na polisi jijini, na hatari yake ni ileile, kwa kuwa hakuna aliyezipima wala anayewajibika zikifyatuka. Kwa silaha za kivita sheria ni kali zaidi: Sura ya 114 ya Sheria za Kenya inazitaja AK47, G3 na MP5, na kifungo chake ni miaka 7 hadi 15. Bunduki halali inayopiga mbili ni ya kupelekwa kwa fundi mwenye leseni. Isiyo halali haina fundi. Ina kituo cha polisi tu.

Wanubi walisubiri hati yao hadi Juni 2017, walipopewa ekari 288 kati ya zile takriban 4,200. Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 2016, serikali ilikuwa imeteketeza silaha haramu 5,250 huko Ngong, mwisho wa barabara hiyohiyo.