Kinywe

kinywe nm [ki-/vi-] Madini meusi, laini na yenye utelezi, yaliyoundwa na elementi ya kaboni. Hutumika katika umoja. Pia: grafiti.

Hili ndilo neno la nyaraka za Serikali ya Tanzania na la habari za uchimbaji wa Mahenge, mkoani Morogoro, na Ruangwa, mkoani Lindi. Vitabu vya kemia huelekea kutumia grafiti. Yote mawili yanakubalika, ila mfasiri asiyapokezane katika matini moja, maana msomaji atadhani ni vitu viwili. Irabu ya mwisho ni e. Kinywa ni jambo jingine kabisa.

Ugumu wa neno hili umo katika fasili. Kemia huihesabu kaboni miongoni mwa simetali, kundi ambalo kwa kawaida halipitishi umeme. Salfa, kwa mfano, huuzuia. Kinywe huupitisha. Atomu zake zimepangwa kwa tabaka: kila moja hushikana na nyingine tatu, na elektroni ya nne hubaki huru kusafiri ndani ya tabaka. Katika almasi elektroni zote nne zimefungwa. Ndiyo maana almasi ya kawaida, kama ile ya Mwadui mkoani Shinyanga, haipitishi umeme ingawa nayo ni kaboni.

Masumbwe ni mji wa Wilaya ya Mbogwe, uliohesabiwa Shinyanga kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012. Huko, madini hueleweka kuwa dhahabu mpaka yatajwe mengine. Mwanafunzi aliyesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akaikuta kwa Kiingereza sekondari, huweza kulinganisha madini na metali bila kushtuka, kwa kuwa dhahabu ni vyote viwili. Kinywe huvunja ulinganisho huo: ni madini, si metali. Sentensi “kinywe si madini, hivyo hakipitishi umeme” ina makosa mawili, na la pili ni la hatari, kwani vumbi la kinywe likitua kwenye nyaya zilizo wazi huweza kusababisha shoti. Katika maelekezo ya usalama iandikwe: Kinywe ni simetali, lakini kinapitisha umeme, vumbi lake lisiachwe kwenye swichi.

Katika mitambo ya kuchenjulia dhahabu, kaboni hutajwa kwa maana finyu zaidi: punje za mkaa maalumu, mara nyingi wa vifuu vya nazi, zinazonasa dhahabu iliyoyeyushwa kwa sayanaidi. Punje hizo zisiitwe kinywe.

Kosa kongwe kuliko yote limo katika kalamu ya risasi. Risasi ni metali. Ndani ya penseli hamna risasi hata chembe, bali kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Jina limekwishakaa, na kulipiga vita ni kujichosha bure. Mwalimu anaweza hata kulitumia: achonge penseli ncha zote mbili, aiunganishe na betri mbili za tochi na taa ndogo nyekundu ya LED. Taa ikielekezwa upande unaofaa, itawaka, na wanafunzi waulizwe kama ni risasi iliyoiwasha.

Silikoni na gerimani hazihusiki hapa, huhesabiwa nusumetali.

Tazama pia: almasi, metali, nusumetali, simetali.