Jembe Lizungukalo: Historia ya Mashine ya Kutifua na Majina ya Sehemu Zake

Plau, haro na trekta ni maneno ambayo yamekwisha kukaa katika Kiswahili, na mkulima hayaoni tena kuwa ni mageni. Hali si hivyo kwa zana nyingine ya ukoo huohuo, ambayo hufungwa nyuma ya trekta dogo la bustani, na ambayo visu vyake huzunguka na kuukata udongo badala ya kuupindua. Mtu aliyepewa kufasiri kijitabu cha maelekezo cha zana hiyo hujikuta hana hata jina la zana yenyewe. Shida huzidi pale mashine inapokuwa kuukuu, na msomaji wa tafsiri hiyo akawa ni fundi anayetaka kuirejesha katika hali yake ya kwanza. Fundi huyo hasomi kwa kujistarehesha. Atafanya lile lililoandikwa.

Historia ya mashine hii inaanzia mahali pawili. Huko Uswisi, Konrad von Meyenburg alibuni, katika miaka iliyotangulia Vita Kuu ya Kwanza, mtambo wenye kucha za chuma cha springi zilizofungwa kwenye shafti inayozunguka. Kampuni ya Siemens-Schuckert ya Ujerumani ikaichukua kazi hiyo. Wajerumani waliiita kwa jina walilolitoa katika karakana za chuma, jina la chombo kinachochonga chuma kwa kuzunguka. Kwao udongo ulikuwa kama kipande cha chuma kilichobanwa kwenye jiriwa.

Wakati huohuo, mwaka 1912, kijana Arthur Clifford Howard alikuwa akijaribu jambo hilo katika shamba la baba yake huko Gilgandra, New South Wales, Australia. Alitumia nguvu ya injini ya trekta la mvuke kuzungusha visu, akaona kwamba udongo hutifuka pasipo kushindiliwa kama unavyoshindiliwa na plau. Lakini visu vya kwanza viliurusha udongo pembeni. Dawa aliyoipata ilikuwa ni umbo: alivikunja visu vikawa kama herufi L, akavifunga kwenye visahani vilivyoachana katika shafti nyembamba. Vita vilisimamisha shughuli hiyo. Mwaka 1920 alipata hataza, mwaka 1922 ikaundwa kampuni ya kuzitengeneza mashine zake, na mwaka 1938 kazi hiyo ikafikishwa Uingereza. Howard alifariki mwaka 1971, na visu vya umbo la L bado ndivyo vinavyotumika katika mashine nyingi za aina hii.

Jina alilolitumia Howard kwanza lilikuwa, kwa maana yake, jembe la kuzunguka. Baadaye kampuni yake ikaeneza jina la biashara, Rotavator, ambalo lina ajabu ya kusomeka vilevile kutoka mwanzo au kutoka mwisho. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, C. W. Kelsey, aliyepata kuwa mtengenezaji wa motokaa, aliziuza mashine zilizotokana na ubunifu wa von Meyenburg kwa jina la Rototiller. Majina yote mawili yalikuwa mali ya wafanyabiashara, lakini watu wakayafanya kuwa majina ya aina nzima. Mwenye kuunda istilahi hana budi kujihadhari hapa. Akiliazima jina la biashara na kulitohoa, atakuwa ameibandikia lugha tangazo la kampuni moja.

Kwetu Tanzania neno lililoenea ni pawatila, hasa tangu kampeni ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, ilipohimizwa mitambo midogo ya magurudumu mawili. Katika hotuba na taarifa za serikali mashine hizo huitwa pia matrekta madogo ya mkono. Sina ugomvi na pawatila, watu wamelipokea. Lakini trekta la mkono linapotosha jambo moja. Asili ya neno trekta, katika Kilatini, ni kuvuta. Visu vya zana yetu vinapozunguka kuelekea mbele, kama yazungukavyo magurudumu, havivutwi tu: huusukuma mtambo mzima uende mbele. Ndiyo sababu mwendeshaji huagizwa kutumia gia ya chini kabisa, na katika ardhi ngumu mashine huweza kumponyoka. Mfasiri aliyeshika fikra ya kuvuta ataiona onyo hiyo kuwa haina maana, na pengine atairuka.

Kiswahili, kwa bahati njema, kina vitenzi vya kutosha kuhusu ardhi. Kukatua ni kuipasua ardhi ngumu kwa mara ya kwanza. Kutifua ni kuulegeza udongo ukawa tifutifu. Kuburuga ni kuuvuruga na kuuchanganya. Kupalilia ni kuondoa magugu katikati ya mimea. Vijitabu vya kigeni mara nyingi huyakusanya haya yote katika kitenzi kimoja, na mfasiri mvivu huandika kulima kila mahali. Mimi nashauri mashine iitwe mashine ya kutifua, na zana inayofungwa nyuma ya trekta la bustani iitwe zana ya kutifua. Kwa kukatua haifai sana, hasa zile ndogo zilizofungwa kwenye matrekta ya bustani ya Marekani yaliyoundwa baada ya 1945, kama vile Wheel Horse ya South Bend, Indiana, au Bolens ya Port Washington, Wisconsin. Wapo wengi katika nchi hiyo wanaozikusanya na kuzifufua.

Kazi yao ndiyo inayotuonyesha wapi istilahi zinahitajika kwa kweli. Fundi huanza kwa kumwaga oili ya sanduku la gia. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Sababu ya kawaida ni waya au kamba iliyojisokota kwenye shafti hadi ikaikata sili. Kwa hiyo kubadili oili peke yake hakusaidii. Kisha hufungua, huosha gia kwa mafuta ya taa, hupima beringi kwa kuzungusha kwa kidole na kusikiliza. Kutu ya nje huondolewa kwa brashi ya waya na msasa. Haya yote fundi wa Kariakoo anayajua na majina yake anayo; mfasiri amwulize yeye kabla ya kufungua kamusi.

Pagumu ni kwenye pini. Baadhi ya zana hizi zina pini iliyotengenezwa makusudi kwa chuma laini, ili visu vikigonga jiwe au kisiki, pini ikatike na gia zisalimike. Tafsiri ikisema pini tu, au bolti, fundi mwenye nia njema ataona imekatika, ataitupa, na kuweka ya chuma kigumu iliyo imara zaidi. Siku ya kisiki kingine kitakachovunjika ni sanduku la gia, na sanduku la mashine ya miaka sitini haliuzwi dukani. Nimesikia pendekezo la pini ya kafara. Lina ladha, ila neno hilo lina kazi nzito mahali pengine; pini ya kukatika linatosha, kwani fundi akilisoma anajua papo hapo kwamba kukatika si kasoro yake.

Nako kwenye visu pana utata. Neno meno linatumika ovyo kwa kila kinachochoma udongo. Ningependa kucha zibaki kwa ncha za springi za aina ya von Meyenburg, meno kwa za haro, na visu kwa zile za umbo la L. Visu hivyo tena ni vya kulia na vya kushoto, na hupokezana kwenye kisahani. Kikifungwa kinyume, mgongo wake butu ndio unaotangulia kuugonga udongo, na mashine huruka-ruka juu ya ardhi badala ya kuzama. Kwa hiyo katika orodha ya vipuri isiandikwe kisu peke yake, bali kisu cha kulia na kisu cha kushoto, na ielezwe kwamba upande huhesabiwa kwa mtu aliyesimama nyuma ya mashine akitazama inakoelekea.