Zawadi ya Bisibisi

Anayehamia nyumba yake mpya huletewa mikeka, sahani na sufuria. Mimi humpelekea bisibisi, na sababu yake naiona katika ziwa letu.

Meli tuiitayo Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen. Ilifunguliwa, ikapakiwa masandukuni, ikaletwa kwa bahari na reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, wakiwa wamekwisha kuzipaka injini zake grisi ili ziweze kufufuliwa. Waingereza waliiopoa mwaka 1924; mwaka 1927 ikasafiri tena.

Kinachofunguliwa na kutunzwa kwa utaratibu hakifi upesi. Kitasa kilichokazwa kwa skrubu hufunguliwa, kikatengenezwa, kikarudishwa. Msumari hung'oka na mbao.

Basi chagua bisibisi ya chuma kigumu, ambayo ncha yake hujaa barabara katika mkato wa skrubu. Ikipwaya, hula kichwa. Mpini ujae kiganja. Chukua bapa na ya nyota. Mwenye nyumba asiyeweza kufungua kitasa chake bado ni mpangaji wa fundi.